Mwenye Mali Karidhia

Sikukuu iliyopita tulikuwa tumekaa ukumbini katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, matumbo yamejaa biriani na vidole vinanata halua. Mjukuu wa Ami Seif alikuwa amejilaza kwenye zulia na simu ya mama yake, anacheza gemu la shamba. Akainua kichwa akaniuliza, "Shangazi, ng'ombe wangu keshazeeka, maziwa yake yamebaki nusu. Nimuuze?" Kabla sijafungua mdomo, babu yake akadakia kutoka kwenye kochi. "Umempata mwenyewe hasa! Huyo shangazi yako ndiye bingwa. Alipokuwa mdogo kauza ng'ombe wake wa kweli kwa sababu ya gemu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mawifi zangu wakajipiga mapaja. Mume wangu naye, ambaye hakijui kisa hicho kwa undani, akacheka kwa adabu kama mgeni anavyocheka.

Mimi sikucheka. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa, nikivigonganisha makusudi ili wasikie. Kisa hicho nimekisikia kwenye harusi, kwenye maulidi, hata siku ya tatu ya msiba wa mama yangu, watu wakitafuta cha kuchangamsha nyoyo. Kila mara huwa mimi ndiye mtoto mjinga aliyeuza ng'ombe, na Ami Seif ndiye mzee mcheshi anayesimulia. Leo nataka kukisimulia mwenyewe. Wenzangu wa rika langu waliokulia kwenye nyumba zenye watu wazima wengi watanielewa, maana nao wana visa vyao walivyobandikwa utotoni na mpaka leo havijabanduka.

Baba yangu alifariki kabla sijajua kumwita. Ami Seif ni ndugu yake, na baada ya msiba yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu: wa nyumba, wa mimi, na wa kila kilichoandikwa jina langu. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Alikuwa mchekeshaji, mwenye marashi mazuri, na kwa miaka mingi nilidhani mtu anayechekesha hawezi kuwa mbaya.

Siku moja alirudi kutoka Dubai na mashine ya gemu ya mtumba, imeviringishwa kwenye taulo, na kaseti moja tu. Ilikuwa ya mambo ya ufugaji. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani, sisi tukiyaita ya Kichina, na hapakuwa na mtu katika mtaa mzima aliyeweza kusoma hata herufi moja. Tulijifunza kwa kutazama. Unaanza na ndama mwenye macho makubwa, unampa majani, unamsugua kwa brashi, anakua. Akishakua anatoa gudulia la maziwa limejaa mpaka shingoni. Juu ya kichwa chake kulikuwa na kijimwezi kinachojaa polepole kila msimu ukipita, na mwezi ukishapita nusu, gudulia huanza kupungua. Mwezi ukijaa kabisa, unapata maziwa ya chini ya gudulia tu, na mnunuzi akija anatoa sarafu chache huku anatikisa kichwa. Lakini ukimuuza wakati gudulia bado limejaa, mnunuzi anakumwagia sarafu mpaka zinalia.

Ami ndiye aliyegundua siri hiyo, na aliisherehekea kama mtu aliyevumbua dawa. Kila siku baada ya chakula cha mchana alijitandika sakafuni na shuka yake, feni inamvuma mgongoni, na kutwanga vitufe mpaka adhana ya alasiri. Sisi watoto tulipewa zamu yeye akienda msikitini. Zizi lake halikuwa na ng'ombe mzee hata mmoja. "Mfugaji hodari," alikuwa akituambia, "hangoji ng'ombe azeekee mikononi mwake." Na mtu huyo, wallahi, hakuwahi kukanyaga mavi ya ng'ombe maishani mwake. Hata mbuzi wa sikukuu alikuwa akimtazamia dirishani, ghorofani.

Mimi nilipenda kitu kimoja tu katika gemu lile, nacho ni kuuza. Mnunuzi alikuwa bwana mnene mwenye kofia ya ukili. Anakuja, anainama kwa heshima, unapigwa muziki mtamu, na ng'ombe anamfuata taratibu akipunga mkia mpaka anapotea pembeni mwa televisheni. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba huko pembeni, tusipopaona, kuna shamba jingine kubwa zaidi, la ng'ombe waliopumzishwa, ambako hakuna mtu anayewakama. Siku nyingine nilikuwa nikisogeza televisheni kidogo kuchungulia nyuma yake. Nilimwambia mama, naye akasema, "Inshallah, mwanangu," kwa sababu alikuwa anachambua mchele.

Sasa, mimi nilikuwa na ng'ombe wa kweli. Aliitwa Tunu. Baba alininunulia akiwa mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa, siku ya akika yangu, na akamfugisha kwa Bi Mwanaidi wa Kitogani. Mpango wao ulikuwa ule unaojulikana mashamba yote: ng'ombe ni wa mwenye mali, maziwa ni ya mfugaji, na ndama ni kwa zamu. Wa kwanza huchukua mwenye mali, wa pili mfugaji, wa tatu mwenye mali, na kuendelea hivyo. Hakikuandikwa kitu. Baba na Bi Mwanaidi walipeana mkono, yeye mkono wake akiwa ameuvika upindo wa kanga, basi imekwisha.

Kila likizo mama alinipeleka Kitogani nikakae siku kadhaa. Nyumba ya Bi Mwanaidi ilikuwa ya mawe na udongo, imeezekwa makuti, na ndani ilinukia moshi wa vifuu na maziwa. Alikuwa mjane, hana mtoto aliye hai, mikono yake migumu kama kamba ya usumba aliyokuwa akimfungia Tunu. Asubuhi alinichukua tukamhamishe malishoni, tumfunge penye majani mabichi, na jua likipanda turudi tena kumsogeza kivulini. Alinifundisha kwamba ng'ombe wetu hatoi maziwa mpaka ndama wake anyonye kwanza, ndipo yashuke. "Humkami tu kama bomba," alisema. "Unamwomba." Nilikuwa nikiweka shavu langu kwenye ubavu wa Tunu, wenye joto na harufu ya jasho na majani, nasikia tumbo linavyonguruma. Sijawahi kukaa mahali pengine nikajihisi mimi ni mtu mwenye kitu changu.

Bi Mwanaidi alikuwa amefuga ng'ombe za watu tangu alipoolewa, na yeye mwenyewe hakuwa na ng'ombe. Ndama wa kwanza wa Tunu tulimchukua sisi. Wa pili, zamu yake, alikuwa dume, na lilipouzwa fedha zake zote ziliishia kwenye maradhi ya mumewe. Wa tatu, zamu yetu, alikuwa jike, ambaye alibaki hapohapo bandani akikua. Sasa Tunu alikuwa na mimba ya nne, zamu ya Bi Mwanaidi. Likizo ile aliuchukua mkono wangu akaubandika chini ya tumbo la Tunu, na kitu kikanigonga kiganjani.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, Bi Mwanaidi! Anapiga teke!"

"Huyo wangu," alisema, na akacheka mpaka nikaona mapengo yake. "Niombee awe jike. Akiwa jike, sitofuga tena cha mtu. Ntafuga changu mpaka n'fe."

Nilimwombea. Nilimwombea kila baada ya sala, hata zile ambazo nilikuwa nasali huku nasinzia.

Bi Mwanaidi hakuwa na wajibu wa kutuletea maziwa, maana yalikuwa yake. Lakini kwa ihsani yake alikuwa akimpa dereva wa gari la abiria la mbao chupa moja kila Ijumaa atuletee mjini. Mimba ilipokua, akaacha kumkama Tunu ili mnyama apumzike, na chupa ikakoma. Ami Seif alipenda mtindi wake wa Ijumaa. Ijumaa ya kwanza aliuliza, ya pili akanuna. Ya tatu alikuwa amelala sakafuni mbele ya gemu, ng'ombe wake mmoja gudulia lake limeanza kupungua, na nikaona fikra inavyomwingia kichwani. Aligeuka akanitazama.

"Hivi yule ng'ombe wako wa Kitogani ana umri gani?"

"Alinunuliwa mimi nilipozaliwa."

"Ee! Basi mkubwa sana huyo. Ndiyo maana maziwa yamekatika. Keshazeeka."

"Hajazeeka, Ami. Ana mtoto tumboni. Nimemshika mwenyewe."

"Wazee hawazai," alisema, akaelekeza kidole kwenye televisheni, kwenye ule mwezi uliopita nusu, kama vile ni kitabu cha elimu. Na kweli, kwenye gemu ng'ombe wazee walikuwa hawazai. Mtoto wa umri wangu anajibu nini, mtu mzima akikuonyesha ushahidi kwa kidole?

Baada ya siku mbili tatu aliniita, akanipakata, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alinukia udi. "Mwanangu, mali ni yako, mimi nasimamia tu. Nataka ridhaa yako. Tumuuze Tunu?"

"Atakwenda wapi?"

"Kuna bwana mmoja ana shamba kubwa. Atamchukua."

"Ana kofia ya ukili?"

Ami akacheka sana. "Anayo, anayo. Umeridhia?"

Nikasema nimeridhia. Mnaweza kucheka hapa, maana hapa ndipo wote wanapocheka. Nikauliza na ndama wa Bi Mwanaidi je, akasema hayo ni mambo ya watu wazima. Watu wanapenda nifike mahali hapa nianze kujilaumu, nitoe chozi, niseme laiti ningejua. Sijilaumu hata kidogo. Nilimwambia ng'ombe ana mimba. Nilimuuliza anakwenda wapi, akanidanganya huku amenipakata. Mwenye kosa anajulikana, na bado anakula halua kwenye kochi letu.

Muziki haukupigwa. Bwana mwenye shamba kubwa alikuwa mtu wa harusi kijiji cha pili, aliyetafuta nyama ya kulisha wageni. Haya niliyajua baadaye, tena si kwa Ami. Niliyajua asubuhi moja niliposikia kelele za watoto kichochoroni, nikachungulia dirishani, nikamwona Bi Mwanaidi anakuja katikati ya kuta zetu ndefu, kanga mbili zimemkaza, anamvuta yule ndama wetu wa tatu, ambaye sasa alikuwa mtamba mzuri mwekundu. Kwato zake zilikuwa zinateleza kwenye mawe ya njia. Muuza kahawa alisimama na birika lake mkononi. Wazee waliokaa barazani walipandisha miguu.

Bi Mwanaidi alifunga kamba kwenye pete ya chuma ya mlango wetu. "Hodi wenyewe!"

Ami alishuka, mama akamfuata, na mimi nikapita chini ya kwapa la mama. Ami alikunjua uso. "Karibu Bi Mwanaidi, karibu ndani, ujaaliwe kahawa."

"Sikaribii, bwana. Nimeleta mali ya mtoto. Huyu wa zamu yenu. Wa zamu yangu mshamchinja."

"Bi Mwanaidi, yule alikuwa kizee. Maziwa yake yamekatika..."

"Nliyakata mie! Nlimpumzisha azae. Nikamwambia yule mtu wako, huyu ana mimba kubwa, hata Mungu hapendi. Akanambia, mwenye mali karidhia. Akamchinja palepale, chini ya minazi yangu." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonitisha. "Ndama alikuwa jike, bwana. Nimemtazama. Nimemzika kwa mikono yangu mwenyewe."

Mama alisema "Yallah!" akajifunika mdomo. Mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu, amechinjwa. Nilimtazama Ami nikingoja aseme kwamba si kweli, kwamba Tunu yuko mahali anakula majani. Alikuwa anajifuta jasho la shingo.

"Basi ndiyo yameshatokea," alisema. "Lakini sikufanya peke yangu. Mwenyewe huyu hapa, nimemtaka ridhaa na akaridhia. Au uongo, mwanangu?"

Watu wote kichochoroni wakanigeukia. Hasira yangu ya kwanza ya maisha ilinijia pale, na naikumbuka ilivyokuwa: haikuwa moto kama watu wasemavyo, ilikuwa baridi, miguu yote mpaka magotini. Nikaishika kamba ya shingoni ya yule mtamba.

"Ami, huyu ni wangu?"

"Wako, mama."

"Basi nampa Bi Mwanaidi. Badala ya wake."

Bi Mwanaidi akanitazama, na kwenye uso wake nikaona kitu ambacho sijakisahau. Alikuwa anataka. Alikuwa anamtaka yule mtamba kwa roho yake yote, alikuwa amemlea yeye, na alikuwa anangoja neno.

Ami Seif akakohoa. "Haiwezekani. Mtoto hana kauli ya kutoa mali mpaka abaleghe. Hiyo sheria, sikuitunga mimi." Akawageukia wazee wa barazani. "Si ndivyo, mabwana?" Wazee wakatikisa vichwa, ndivyo, sheria ndivyo ilivyo.

"Mbona kauli ya kuuza nilikuwa nayo?" nikasema.

Nililisema kwa sauti kubwa, na sauti ikapasuka katikati, ikatoka kama ya jogoo mdogo. Muuza kahawa akacheka kwanza, kisha wazee, kisha Ami, aliyecheka kuliko wote, kwa raha ya mtu aliyepata pa kutokea. "Tazameni wakili huyu!" Kisa chao kilizaliwa dakika ile. Kwenye kusimulia kwao, mpaka leo, swali langu huwa halimo. Wanaishia kwenye kofia ya ukili.

"Msimcheke mtoto," alisema Bi Mwanaidi. Akaniwekea kiganja kichwani, kigumu, kinanukia majani. "Ahsante, mwanangu. Umenipa, hata kama hawakuacha nichukue." Akakaza kanga zake, akaondoka. Nilimkimbilia mpaka karibu na soko la Darajani, nikashika upindo wake, nikamwambia nataka kwenda naye Kitogani. Akaniondoa vidole kimoja kimoja. "Rudi kwenu. Sina kitu chenu tena kwangu. Usije." Hakusema kwa ubaya, lakini alisema, na likizo zangu za Kitogani ziliishia pale njiani, penye maganda ya machungwa.

Mtamba alilia mlangoni kutwa nzima. Ami alijaribu kumlisha wali wa jana. Mtamba akanya kizingitini, majirani wakaja juu, na kabla ya magharibi akawa ameuzwa kwa mtu wa Mwanakwerekwe bila ya mimi kuulizwa nimeridhia au sikuridhia. Kisha Ami akapanda juu, akanawa, akawasha gemu. Tangu siku hiyo, zamu yangu ikifika, sikuuza ng'ombe hata mmoja. Niliwaacha miezi yao ijae, nikawasugua kwa brashi, nikawalisha bure. Nikiamka usingizi wa mchana nakuta Ami ameniuzia wote. "Unatia hasara shamba," ananiambia, na alikuwa anasema kweli kabisa kwa mujibu wa gemu, ndiyo maana nilizidi kumchukia.

Nilipoanza kazi niliweka akiba bila ya kumwambia mtu, hata mume wangu. Nikanunua mtamba mwekundu, mwenye afya, macho maangavu, nikakodi gari dogo la mizigo, nikaenda naye Kitogani. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, nyumba sasa ya bati badala ya makuti, na bandani palikuwa pameota magugu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza mimi wa nani. Nilipomwambia, akalia kidogo, akacheka kidogo, mapengo yote.

Nikamtia kamba mkononi. "Huyu wako, Bi Mwanaidi. Nshabaleghe sasa. Nna kauli."

Alijiinua kwa kushika bega langu. Alimpapasa mtamba shingo, akashuka mgongoni, akamwinamia chini akagusa chuchu, kwa mikono ileile migumu. "Mzuri," alisema. "Mzuri sana, mashaallah." Alikaa naye muda, anamnong'oneza maneno nisiyoyasikia. Kisha akanirudishia kamba.

"Mwanangu, mimi majani siwezi kukata tena. Maji ya kisimani naletewa na watoto wa jirani. Ntamhamisha vipi, kwa miguu ipi? Huyu ungenipa siku ile."

"Nilikupa siku ile," nikasema.

"Najua. Nakumbuka."

Tukampakia tena. Aliegemea mlango akitutazama, mkono wake mmoja ukiwa umebaki wazi mbele yake, kama bado umeshika kamba. Dereva akawasha gari akaniuliza tunampeleka wapi sasa. Sikuwa na pa kumpeleka. Nikamtukana Ami Seif kwa jina lake, na la baba yake ambaye ni babu yangu, kwa sauti, mbele ya mtu nisiyemjua, mpaka tukatoka kijijini.